Nyumba ya mawe ya Lamu: Sitara iliyojengwa ndani ya kuta

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake na wote waliofuata njia yao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mola wetu anaihesabu nyumba miongoni mwa neema alizowapa waja Wake, na anaitaja kuwa ni mahali pa utulivu. Sisi tunapozihesabu neema hutaja afya, riziki na watoto, na aghalabu nyumba huisahau, ilhali ndimo tulimozaliwa, ndimo tunamostiriwa na ndimo wengi wetu watakamotolewa kupelekwa makaburini.

Ijumaa ya leo tumeonelea tuizungumzie nyumba ya namna moja tu, nayo ni nyumba ya mawe ya mji wa kale wa Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Tumeichagua kwa sababu waliojenga nyumba hizo hawakuiacha adabu ya dini katika vitabu na mimbari peke yake. Waliitia katika kuta, milango na vipenu, hata mtu akikaa humo humwia vigumu kuisahau. Aidha, nyumba hizi zimo hatarini kuwatoka wenyewe, na hatari hiyo haitoki mbali. Iko katika maamuzi ya familia zetu.

Mji na wakati wake

Lamu ni mji mkongwe. Msikiti wa Pwani, mmoja kati ya misikiti yake ya kale, unanasibishwa na mwaka 1370. Hata hivyo nyumba kubwa za mawe tunazoziona leo, hasa katika mtaa wa Mkomani, nyingi ni za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, wakati mji ulipostawi kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Ngome iliyo katikati ya mji, iliyokamilika mwaka 1821, ni ya mwisho wa zama hizo.

Mwaka 2001 Shirika la UNESCO liliutia mji wa kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwa kuwa ni mji wa Waswahili uliohifadhika kuliko yote katika Afrika Mashariki na ambao watu wake wangali wakiishi humo. Miji mingine ya pwani iliyokuwa na fahari kama hiyo, kama Gede na Takwa, leo ni magofu. Idara ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya imetengeneza nyumba moja ya karne ya 18 mjini humo ikawa makumbusho, na anayeingia hapo huona mpangilio tutakaoueleza hapa chini.

Mawe, chokaa na boriti

Vifaa vya nyumba hizi vilitoka karibu. Kuta zake, ambazo unene wake hufika karibu nusu mita, ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo la kuni, kisha ikarowekwa na kuachwa kwa miezi ili iive kabla ya kutumiwa. Dari zilishikiliwa na boriti za mikoko, na juu yake zikapangwa tabaka za mawe na chokaa.

Boriti ndiyo iliyoamua umbo la nyumba. Mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba dari hiyo nzito hauvuki mita tatu kwa kawaida. Kwa hiyo kila chumba kikawa chembamba, upana wake kati ya mita mbili na nusu na tatu, hata kama urefu wake ni mara tatu au nne ya huo. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini na kupelekwa Omani, Bahrain na Kuwait, ambako mti wa kujengea ni adimu. Ndiyo maana majumba mengi ya kale ya Ghuba nayo yana vyumba vyembamba vinavyokaribiana upana na vya Lamu. Mkoko uliokatwa katika visiwa vya Lamu umewapima Waislamu wa pande mbili za bahari kwa kipimo kimoja.

Jambo jingine ni kibla. Makka iko karibu kaskazini kamili ya Lamu, na nyumba nyingi za kale zimepangwa kwa kuufuata upande huo. Uwanja wa ndani uko kaskazini, na vyumba hufuatana nyuma yake vikiuelekea. Aliyeketi humo akitazama uwanjani ameelekea kibla bila ya kuuliza.

Daka na haki ya njia

Sasa tuingie. Kwanza kabisa ni daka, yaani kipenu kilicho mbele ya mlango mkubwa, chenye mabaraza ya mawe kulia na kushoto. Hapa ndipo mwenye nyumba alipopokea watu wa njiani, akazungumza na majirani baada ya sala ya alasiri, akasikiliza shida za mtaa na kufanya biashara ndogondogo. Mwenye haja hakuwa na sababu ya kuingia ndani, wala hakuachwa amesimama juani.

Waliojenga daka walikuwa wakiijua hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) aliwaonya sahaba zake juu ya kuketi njiani. Walipomweleza kuwa hawana budi na vikao vyao, aliwataka waipe njia haki yake, nayo ni kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Daka ni kikao cha njiani kilichopewa mipaka. Mtu ameketi ndani ya kizingiti chake, hajaziba njia ya mpita njia wala ya punda mwenye mzigo.

Ukuta wa nje wa nyumba, ukiondoa mlango, hauna la kuonyesha. Madirisha ya chini hayapo, na yakiwapo ni madogo na yako juu ya kimo cha mtu. Tajiri na mwenye wastani hutofautiana kwa nakshi za mlango tu; mali ya ndani haionekani na masikini apitaye haumizwi nayo.

Nyuma ya mlango kuna tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia. Tekani haikupangwa sambamba na uwanja wa ndani. Anayeingia hana budi kukata kona, kwa hiyo hata mlango ukiwa wazi aliye nje hawezi kuona ndani. Hapo ndipo mgeni husimama, akatoa salamu na kupiga hodi. Surat An-Nur, aya ya 27 na ya 28, inatuamrisha tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tutake idhini na tuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi basi turudi. Mtume (S.A.W.) naye alibainisha kuwa idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Tekani ni idhini iliyogeuzwa ukuta.

Na mgeni wa kulala je? Karibu na tekani nyumba nyingi zina sabule, chumba cha wageni, aghalabu chenye ngazi au mlango wake. Mfanyabiashara aliyengoja upepo wa kusi au wa kaskazi aliweza kukaa wiki kadhaa, akila chakula cha nyumba ile na kuhudumiwa kwa heshima, bila ya watu wa ndani kubanwa hata siku moja. Ukarimu na sitara, mambo ambayo leo twadhani yanagongana, yalipatanishwa kwa mlango mmoja wa ziada.

Kiwanda, misana na ndani

Baada ya tekani ni kiwanda. Leo neno hili twalitumia kwa mahali pa mashine, lakini watu wa Lamu wanalitumia kwa uwanja mdogo wa ndani ulio wazi juu. Kutoka kiwandani ndiko nyumba nzima inakopata mwanga na hewa. Watoto hucheza hapo, nguo huanikwa hapo, na mbingu huonekana bila ya jirani kuonekana.

Kiwanda kikipita, huja vyumba virefu vinavyofuatana kama safu za msikitini. Cha kwanza ni msana wa tini, yaani wa chini, na cha pili ni msana wa yuu, yaani wa juu. Havikuitwa hivyo kwa sababu ya ghorofa. Kila chumba sakafu yake imeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia, kwa hiyo anayekwenda ndani anapanda. Nyuma ya misana hiyo ni ndani, chumba cha mama mwenye nyumba, kilicho juu, kilicho mbali na njia na chenye utulivu kuliko vyote.

Tuutafakari mpangilio huu. Kila hatua mtu anayopiga kuelekea ndani ni ruhusa mpya. Wa mtaani anaishia dakani, mwenye haja anaishia tekani, mgeni anaishia sabule, jamaa anafika msana, na ndani hawafiki ila walio wa ndani. Surat An-Nur, aya ya 58, inawafundisha hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa katika nyakati tatu, kabla ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri na baada ya isha. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya namna hii aliijua aya hiyo kwa miguu yake kabla ya kuisoma chuoni.

Uzuri wote wa nyumba uliwekwa huku nyuma. Ukuta wa ndani umejaa zidaka, yaani vijumba vidogo vilivyochongwa katika lipu nyeupe, safu juu ya safu. Humo ziliwekwa sahani na mabakuli ya Kichina, vitabu na misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, kazi ambayo mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulisifika kwayo. Mafundi waliohangaika kwa miezi na nakshi hizo hawakuzifanya kwa ajili ya wapita njia. Walizifanya kwa ajili ya mama, bibi harusi na watoto. Hilo ni somo kwa zama zetu, ambapo sebule ya wageni hupambwa na jikoni pa mama hapana hata dirisha.

Mahali pa kuzaliwa na pa kuagwa

Nyuma ya ndani, katika nyumba nyingi, kuna chumba kidogo kiitwacho nyumba ya kati. Hapa ndipo mama alipojifungulia, na hapa ndipo maiti wa nyumba alipooshwa na kukafiniwa. Chumba kilichompokea mtoto kwa adhana ndicho kilichomwaga mzee.

Ni nani kati yetu anayejenga leo akafikiria mahali pa kuoshea maiti? Tunachora gereji, tunachora mahali pa televisheni, na mauti yakija tunahangaika kuhamisha viti. Wazee wale hawakuwa watu wa huzuni. Walikuwa watu waliojua kuwa nyumba ya duniani ni ya kupita, wakaitengea safari hiyo chumba chake.

Maji na jirani

Tohara ni sharti la sala, na katika nyumba hizi maji yalipewa hadhi. Karibu na vyumba vya kulala kuna choo na mahali pa kuogea, na ndani yake birika la kujengwa lililotiwa maji ya kisima. Birikani walifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Katika mabirika mengine sahani ya Kichina ilipachikwa chini kabisa, ili maji yakipungua samaki wapate pa kubakia. Huo ni usafi, ni hifadhi ya maji, na ni huruma kwa kiumbe, vyote katika kona moja ya nyumba. Jiko nalo liliwekwa juu darini, katika kidari cha meko, ili moshi na joto vipae zao bila ya kuwasumbua waliolala.

Ama jirani, haki yake ilijengwa angani. Kati ya nyumba na nyumba, juu ya kichochoro, mara nyingi hupita wikio, chumba au daraja linaloziunganisha ghorofa mbili. Kwa wikio mama na mabinti walitembeleana, wakapelekeana chakula, wakakaa na mgonjwa, bila ya kushuka njiani. Na anayepita chini hupata kivuli. Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa Jibril (A.S.) alimhusia sana juu ya jirani hata akadhani atafanywa mrithi. Leo tunajenga ukuta, tunautia vipande vya chupa juu yake, na jirani akifa tunapata habari kwa simu.

Jasho lililojenga

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Utajiri uliojenga nyumba hizi ulitokana kwa sehemu kubwa na mashamba ya bara, na katika mashamba hayo na humo majumbani walitumikishwa watumwa. Vyumba vya chini, visivyo na hewa ya kutosha, aghalabu vilikuwa vyao pamoja na mizigo. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1907, familia nyingi za waungwana zilishindwa kuziendesha nyumba zile, na ujenzi wa namna hiyo ukafifia.

Hatulisemi hili ili kuwatukana waliotangulia. Tunalisema kwa sababu sitara ya mmoja iliyosimama juu ya mgongo wa mwingine ina kasoro, na dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara. Lamu yenyewe ilipata ukumbusho. Habib Swaleh bin Alawy Jamalillel, aliyetoka Komoro, alifundisha bila ya kubagua, wakiwamo waliokuwa watumwa na watu wa tabaka la chini, katika mtaa wa Langoni ambako nyumba zilikuwa za udongo na makuti. Huko ndiko ulikojengwa Msikiti wa Riyadha, ambao mpaka leo huwakusanya maelfu kwa Maulidi. Adabu ya nyumba ya mawe ni nzuri, lakini inaweza kukaa katika nyumba ya udongo pia, na pengine ikakaa kwa usafi zaidi.

Thumuni nane za nyumba moja

Tumefika penye kiini cha maneno yetu. Desturi ya waungwana wa Lamu ilikuwa ni kumpa binti nyumba anapoolewa, na mume akahamia kwake. Binti hakubakia bila ya kwao hata ndoa ikivunjika. Wanazuoni wametukumbusha kuwa anayetoa hiba azingatie uadilifu baina ya watoto wake, kama ilivyo katika hadithi ya Nu'man bin Bashir, lakini makusudio ya desturi ile, kumlinda mwanamke asitangetange, ni makusudio mema.

Siku hizi nyumba nyingi hungoja mirathi. Tuchukue mfano. Mtu amefariki, ameacha mke, wana wawili na mabinti watatu. Mke ana thumuni moja. Saba zilizobaki ni za watoto, kila mwana mbili na kila binti moja. Nyumba imekuwa mafungu nane. Hesabu hiyo ni ya Mwenyezi Mungu na haina ila. Lakini warithi wasipokaa pamoja wakapatana, mmoja akawa Mombasa, mwingine Maskati na wa tatu Toronto, kizazi cha pili mafungu yatakuwa arobaini. Hakuna wa kulipia fundi, dari inavuja, boriti zinaoza. Nyumba ya matumbawe isiyokaliwa haina subira, huanguka. Kisha huja mnunuzi kutoka mbali na fedha taslimu, na kila mmoja anafurahia fungu lake. Kwa njia hiyo nyumba nyingi za Lamu zimekuwa za wageni wa likizo, na nyingine mikahawa na hoteli. Ndani ya mama imekuwa chumba cha kupangisha, na nyumba ya kati imekuwa ghala.

Hatumlaumu mnunuzi, kwani amenunua kilichouzwa, na baadhi yao wamezitengeneza vizuri kuliko tulivyozitunza sisi. Tunajilaumu tuliokuwa na njia tukaziacha. Na njia zipo.

Ya kwanza ni wakfu. Umar bin Al-Khattab (R.A.) alipopata ardhi Khaybar, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aizuie asili yake na matunda yake ayatoe sadaka, isiuzwe wala isirithiwe. Wakfu wa dhuria unajulikana katika fikihi, na sheria ya Kenya ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951 iliupa nafasi. Mzee mwenye nyumba aliye hai leo anaweza kukaa na kadhi na watoto wake akaliamua jambo hili kabla ya kuchelewa.

Ya pili ni haki ya mshirika. Katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim, mwenye ushirika katika nyumba au shamba hapaswi kuliuza fungu lake kabla ya kumjulisha mwenzake. Ndugu wangeulizana kwanza, pengine wenye uwezo wangewanunulia wasio na uwezo, na nyumba ikabakia.

Ya tatu ni matunzo. Nyumba ya matumbawe hutengenezwa kwa chokaa. Saruji ikipakwa juu ya ukuta huo huufungia unyevu na chumvi ndani, na lipu ikabambuka pamoja na jiwe. Fundi mzee anayejua chokaa atafutwe, na vijana wapelekwe kwake wajifunze kabla hajaondoka na elimu yake.

Na sisi tusio na nyumba Lamu, tuliopanga vyumba viwili Nairobi, Tanga au Dar es Salaam, tuna nini katika haya? Tunayo mengi. Pazia moja nyuma ya mlango ni tekani. Kubisha na kungoja ni tekani. Godoro la akiba kwa ajili ya mgeni ni sabule. Sahani ya futari inayovuka ngazi kwenda kwa jirani ni wikio. Na mtoto anayefundishwa kubisha mlango wa wazazi wake amepewa ndani, hata kama nyumba nzima ni chumba kimoja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azijaalie nyumba zetu kuwa za utulivu na sitara, awarehemu waliozijenga na waliotumika kuzijenga, na awape warithi wao moyo wa kupatana. Amin. Wallahu aalam.